Bibi Akihama, Nini Hubaki Nyuma?

Leo tuvuke maji, twende hadi Itaka, wilaya ya Mbozi, si mbali na mpaka wa Zambia. Sasa ni mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa Mbeya. Ni nchi ya Wanyiha na ya kahawa. Wamoravian walifungua misheni Mbozi tangu 1899, lakini hata kwa mzee aliyebatizwa, nyumba haikuwa kuta tu. Wazazi walizikwa karibu na mji wao, na dua za ukoo zilikuwa na mahali pake.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, mwisho 1976. Mamilioni ya watu wa Bara wakahamishwa, wengine kwa malori, na kwingine nyumba zikabomolewa ili wasirudi. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji, na kijana aliviona. Ajuza je? Alipewa kiwanja kwenye mstari, kaburi la mumewe likabaki kwenye mahame. Vitabu huipima Operesheni Vijiji kwa mavuno na kwa njaa ya 1974. Huzuni ya wazee haikuwa na mizani, na sisi tunaona hapo ndipo hesabu ilipokosewa.

Tusiwacheke wa Bara. Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba za Ng'ambo zilivunjwa kupisha maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Maji ya bomba, umeme, alhamdulillahi. Lakini bibi aliyezoea kukaa barazani, akisalimiwa na kila apitaye, alipandishwa ngazi. Mwenye magoti mabovu hashuki mara mbili kwa siku.

Na siku hizi amri hatuingoji, tunawahamisha wenyewe kwa mapenzi. Bibi yetu tulimtoa Pemba tukamleta mjini, chumba kizuri, feni, televisheni. Akapunguza kula, akapunguza maneno. Mmoja wetu akasema uzee, mwengine akasema shetani, tukamwita mpaka mganga. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Tulipomuuliza, alisema anataka kusikia adhana ya msikiti wa kwao.

Tukamwambia, bibi, hapa adhana tele, misikiti minne!

Akatutazama tu. Wiki ile ile tukamkatia tikiti ya boti.