Kulika kwa Silinda katika Injini Kuukuu

Kulika kwa silinda ni kupanuka kwa tundu lake kwa sababu ya kusuguliwa na ringi za pistoni, nayo ni miongoni mwa nakisi zilizo ghali mno kwa mnunuzi wa injini iliyokwisha kutumika. Injini zinazotafutwa na watu wa Kitengela na Kajiado aghalabu hushushwa bandarini Mombasa, zikapitia maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi hadi leo huiita Grogan, na huuzwa zikiwa nje ya gari. Hivyo kilomita anazozitaja muuzaji hazina ithibati yoyote.

Silinda hailiki sawasawa. Juu, mahali ringi ya kwanza inapogeukia, joto ni kali na utando wa mafuta ni hafifu, basi chuma huliwa zaidi na kuacha ukingo unaohisika kwa ukucha. Huliwa zaidi pia upande unaoegemewa na pistoni, hata tundu likapoteza uduara wake. Vumbi la njia za murram, likipenya kichujio cha hewa kilichochakaa, huzidisha msiba huo upesi mno.

Kipimo mashuhuri ni cha kompresheni. Injini hupashwa moto, plagi zote zikatolewa, petroli ikakatwa, njia ya hewa ikafunguliwa yote, kisha geji ikasomwa silinda baada ya silinda huku stata ikizungushwa kwa betri yenye nguvu. Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Kitengela imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa yake ni pungufu ya ile ya pwani kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa hiyo injini iliyosoma 180 psi Mombasa itasoma kama 150 hapa, wala haikulika hata chembe. Anayeshikilia namba ya kitabu huweza kuikataa injini njema. Na muuzaji mwenye hila naye huweza kuutaja mwinuko ili kuitetea mbovu. Mwamuzi baina yao ni tofauti ya silinda kwa silinda, maana mwinuko huzipunguza zote kwa kadiri moja: tatu zikisoma 150 na ya nne 110, kosa si la hewa ya Kajiado.

Zikiwa zimelika zote pamoja, tofauti hiyo haitaonekana. Hapo hutiwa kijiko cha mafuta ya injini katika tundu la plagi na kupimwa tena: kipimo kikipanda sana, ringi au silinda zimechoka, kisipopanda, shaka huhamia kwenye valvu au gasketi ya hedi. Mafuta mazito yaliyomiminwa na muuzaji kabla ya mteja kufika huweza kukipandisha kipimo vivyo hivyo na kumdanganya mnunuzi, na ni busara kudai yamwagwe.

Hukumu ya yakini hutolewa na geji ya kupimia kipenyo, hedi ikiwa imefunguliwa, nao wauzaji wanaoridhia kuifungua ni wachache. Katika 1NZ-FE ya Toyota, iliyoenea kwa Probox, silinda ina kipenyo cha milimita 75, na slivu zake nyembamba zimeshikamana na bloku ya alumini, hivyo hazina unene wa kustahimili kuchongwa. Injini za dizeli za 3L na 5L za Hiace, zenye bloku ya chuma, mafundi huzichonga na kuzitia pistoni kubwa zaidi. Kwa hiyo silinda iliyolika hupunguza bei ya 5L, bali kwa 1NZ huondoa sababu ya kuinunua.