Kinachomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake

MUUGUZI wa Meru au Embu aweza kubaki kazini miaka mingi ilhali moyo wake ulikwisha kuhama. Ndiyo maana wataalamu wa usimamizi hutenganisha kuwapo kazini na kujitolea kwa shirika.

Mwaka wa 1991, John Meyer na Natalie Allen wa Kanada walieleza sababu tatu za mtu kutoondoka. Huenda analipenda shirika. Huenda anahofia hasara, kwa mfano kupoteza pensheni. Au anahisi ana wajibu, hasa akiwa amegharimiwa masomo. Sababu ya kwanza ndiyo humfaidi mwajiri zaidi, kwani huandamana na bidii na kutokosa kazini.

Hospitali za umma katika kaunti hizo mbili ni mfano mwafaka. Hadi mwaka wa 2013, wahudumu wake walikuwa chini ya serikali kuu. Baada ya uchaguzi wa Machi mwaka huo, huduma hizo zilihamishiwa serikali za kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kazi ilikuwa ile ile, lakini mwenye kulipa mishahara, kupandisha vyeo na kutoa ruhusa ya masomo alikuwa mwingine. Kote nchini, mishahara iliyochelewa na vyeo vilivyokwama vikawa malalamiko ya kila mara.

Hata hivyo, fedha si jambo la pekee. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 5, 2016 na kudumu siku 100 ulitokana na mkataba uliotiwa saini mwaka wa 2013 bila kutekelezwa. Wauguzi nao waligoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, wakidai, miongoni mwa mengine, utekelezaji wa mkataba wa 2017. Waliotaabika zaidi ni wagonjwa wasiomudu hospitali za kibinafsi.

Kwa hivyo, mwajiri anayetaka watu wake wajitolee hana budi kulipa kwa wakati, kupandisha vyeo bila upendeleo, kuwapa mafunzo na kuwashirikisha katika maamuzi yanayowahusu. Zaidi ya yote, atimize alichotia saini. Ahadi ni deni, na deni lisipolipwa, mfanyakazi hubaki kwa kukosa pa kwenda tu.