Istilahi ya A Cappella na Safari ya Maana Yake

Kamusi nyingi za muziki huifasili istilahi ya Kiitaliano a cappella kuwa ni uimbaji usioandamana na ala. Kwa matumizi ya leo fasili hiyo inatosha. Hata hivyo maneno yenyewe yana maana ya "kwa mtindo wa kanisa dogo", wala hayataji ala hata kidogo. Yafaa basi tuchunguze ukosefu wa ala uliingiaje humo, kabla hatujaitafutia istilahi hiyo kisawe cha Kiswahili.

Asili yake ni Kilatini capella, udogo wa cappa, yaani joho. Nasi tungesema "kijoho". Yasimuliwa kwamba Mtakatifu Martin wa Tours, aliyefariki mwaka 397, alilikata joho lake akampa maskini nusu. Wafalme wa Wafaranki walilihifadhi joho hilo, na jina la nguo likahamia mahali lilipowekwa, kisha kwa kila kanisa dogo, hatimaye kwa waimbaji wa humo.

Katika kanisa dogo la Sistina, Vatikano, waimbaji wa Papa hawakuandamana na ala yoyote, hata kinanda. Lakini desturi hiyo haikuwa ya kila mahali. Kanisa kuu la Sevilla liliajiri wapiga ala wa kudumu mwaka 1526, na lile la Mtakatifu Marko, Venezia, mwaka 1568. Aghalabu ala zilifuata sauti za waimbaji noti kwa noti, bila kuandikiwa sehemu yake. Johann Joseph Fux, katika Gradus ad Parnassum (Vienna, 1725), bado anatambua namna mbili za a cappella: isiyo na ala, na yenye kinanda na ala nyinginezo.

Ni karne ya 19 iliyoifuta namna ya pili. Wapenzi wa Palestrina, aliyefariki mwaka 1594, walikuta sauti pekee katika maandishi yake, wakaufanya ukimya wa karatasi kuwa ukimya wa ala. Chama cha Cecilia cha Wajerumani, kilichoasisiwa mwaka 1868, kikaeneza usafi huo makanisani.

Wako wapendekezao "uimbaji bila ala". Kwangu kisawe hicho kina kasoro: kinaichukulia ala kuwa kawaida. Bembelezi, wimbo wa kutwanga na utenzi uimbwao ni sauti za watu tu, na hakuna mswahili azionaye kuwa zimepungukiwa. "Uimbaji wa sauti tupu" ni afadhali, kwani tupu humaanisha pia "pekee", kama katika sukari tupu. Ila tutumie kisawe hicho kwa muziki wa baada ya mwaka 1800 tu. Kwa ule wa kabla ya hapo tuiache a cappella kama ilivyo. Tukiitafsiri, tutakuwa tumewafukuza wapiga ala wa Sevilla katika kanisa lao wenyewe.