Bango la Tangazo Linalocheza: GIF, HTML5 au Video?

Majuzi alinijia mama mmoja muuza leso hapa Mombasa, mkononi kashika flash disk. "Mwanangu," akaniambia, "mie nililipa pesa nzuri nikatengenezewa tangazo la kuweka kwenye tovuti. Kwa kompyuta ya yule kijana lilikuwa lacheza vizuri. Mbona kwa simu yangu naona boksi tupu?"

Nilipotazama jina la faili nikaona limeishia na herufi SWF, nikajua kisa chote. Hiyo ni Flash ya kampuni ya Adobe, ambayo haina uhusiano na flash disk aliyokuja nayo, ingawa mjini watu huzichanganya sana. iPhone haikuikubali tangu ilipotoka 2007. Google iliacha kuonyesha mabango ya Flash kwenye mtandao wake wa matangazo mwezi wa Januari 2017, na Adobe yenyewe ikaizika tarehe 31 Disemba 2020. Ilibidi nimwambie, "Samahani mama, hili halifufuki." Yule fundi naye hapatikani kwa simu.

Naandika haya kwa kuwa si yeye peke yake. Wenye maduka, wenye nyumba za wageni Lamu, wenye mashua za watalii Wasini, wengi hulipia bango bila kuuliza ni faili la aina gani.

Nianze na GIF. Ni mkongwe wa 1987, na bado yafungua kwenye kila simu na kila kivinjari. Kasoro yake ni kwamba kila picha ndani yake haiwezi kuzidi rangi 256. Kwa leso hilo si tatizo kabisa: leso nyingi zina rangi mbili tatu tu, zimelala bapa, na pindo lake limekatika wazi. Mchoro kama huo kwa GIF hutoka safi na faili huwa jepesi. Lakini mchukue mwenye mashua atakaye picha ya jua likizama baharini. Zile rangi za machweo zinazoyeyukiana zitakatika mistari mistari, na faili litavimba hadi megabaiti kadhaa.

Uzito huo ndio unaoniuma zaidi. Google haipokei bango la picha linalozidi kilobaiti 150, na tovuti ndogo zinazojiwekea mabango zenyewe zingefaa kufuata kipimo hicho. Bango la megabaiti 3 likifunguliwa kwenye simu za wasomaji 100, ni megabaiti 300 za bando lao zimeteketea kwa tangazo ambalo hawakuliomba. Wengi wao wananunua bando la siku. Bango likichelewa kutokea, msomaji ameshateremka chini ya ukurasa, na aliyelipia hakuonekana.

Kwa picha za kamera, mimi huchagua video fupi ya MP4 isiyo na sauti. Video huhifadhi zaidi yale yaliyobadilika kutoka picha moja hadi nyingine, ndiyo maana sekunde zile zile huwa nyepesi mno kuliko GIF. Sauti usiitie: vivinjari vya leo kwa kawaida huzuia video yenye sauti isijianzishe yenyewe. WebP nayo yafaa, rangi zake ni kamili na uzito wake mdogo, ila muulize kwanza mwenye tovuti kama mfumo wake waipokea.

HTML5 ndiyo iliyorithi kazi ya Flash. Hapo bango si picha moja. Ni maandishi, picha na maagizo ambayo kivinjari huyachora papo hapo, kwa hivyo herufi hubaki kali hata kwenye kioo kidogo. Yataka fundi anayejua kuandika kodi, na Google haimruhusu kila mtangazaji kuyapakia. Kwa duka moja lenye bei tatu za kutangaza, naona ni gharama ya bure.

Aina yoyote utakayochagua, jina la duka na nambari ya simu ziwe kwenye picha ya kwanza, kwani kuna programu za barua pepe zinazoonyesha hiyo moja tu. Ziwe pia kwenye ya mwisho, maana kwa kanuni za Google GIF lazima isimame ikifika sekunde 30, na hapo ndipo itakapoganda. Na kumetameta haraka haraka tuache. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti wasema kitu kisimulike zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa sababu chaweza kumwangusha mwenye kifafa.

Yule mama nilimtengenezea GIF ya pikseli 300 kwa 250, picha nne: jina na simu, leso mbili, kisha jina na simu tena. Uzito kilobaiti 84. Nikamtumia pia picha za asili ambazo hazijaunganishwa, ili siku akitaka kubadilisha bei asianze upya kwa fundi mwengine. Alilifungua kwenye simu yake, akalitazama mara mbili, akasema leso ya pili imekaa kichwa chini. Nikaigeuza.