Makadamia: Vita vya Kiini, Ganda Likasahauliwa

Kila msimu wa makadamia unapokaribia, Meru na Embu huamkia ugomvi uleule: njugu ziuzwe ng'ambo zikiwa na maganda, au zibanguliwe humu nchini? Wanaovutana wote huhesabu kiini. Ganda, ambalo ni takriban theluthi mbili ya uzito wa njugu iliyokaushwa, halina wa kulitetea.

Asili ya mti huu ni Australia. Uliletwa Thika na walowezi wa ukoo wa Harries miaka ya 1940, kampuni ya Kenya Nut ikaanzishwa mwaka 1974, na kahawa ilipoanza kumtupa mkulima, mimakadamia ikatapakaa hadi Runyenjes na Imenti.

Vita vyenyewe vilianza 2009, serikali ilipopiga marufuku kuuza nje njugu ghafi. Sheria ya Mazao ya 2013 ikakaza uzi. Nia ilikuwa viwanda vya ndani vipate malighafi na vijana wapate kazi. Wakulima wengi wakaona kingine: wanunuzi wachache, bei ya kupangiwa. Mabroka wakaingia mashambani na kuchuma hata changa. Anayejua hupasua gamba la kijani na kutazama upande wake wa ndani: ukiwa mweupe, njugu haijakomaa, ukiwa wa kahawia, iko tayari. Broka mwenye haraka hana subira hiyo.

Bei iliyokuwa imepita shilingi 100 kwa kilo ikaporomoka mwaka 2023 hadi 30 na hata chini ya hapo. Novemba mwaka huo, Waziri wa Kilimo Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wa Meru, akafungua mlango wa kuuza njugu na maganda yake kwa mwaka mmoja. Wabanguaji wakalia kwamba viwanda vitakufa; wakulima wakajibu kwamba wao ndio waliokuwa wakifa. Muda ulipokwisha, mjadala ukarudi palepale.

Kumbe kila kontena lililoondoka lilibeba pia malighafi ya kaboni amilifu, yaani makaa yenye vitundu vidogo mno vinavyonasa vitu. Ganda la makadamia ni gumu, na likichomwa huacha majivu kidogo. Likichomwa bila hewa huwa makaa, lakini vitundu vyake vingi huwa vimezibwa na lami. Yakipitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 1,000, lami hutoka na vitundu vipya huchimbika, vingi vikiwa na upana usiofika nanomita 2. Gramu moja huweza kuwa na eneo la mita za mraba 1,000. Gramu saba au nane zinatosha uwanja wa mpira. Lakini vitundu peke yake havitoshi. Oksijeni iliyojishikiza usoni mwa kaboni huchangia kuamua itanasa nini: madini yaliyoyeyuka majini, rangi, au harufu.

Wengine waling'amua thamani hii zamani. Mwaka 1785, Lowitz, mkemia wa Urusi, aliona makaa yakiondoa rangi kwenye vimiminika. Mwaka 1918 Wamarekani walihimizwa kukusanya kokwa za pichi na maganda ya njugu kwa ajili ya barakoa za kuzuia gesi ya sumu. Walitangaziwa kwamba kokwa 200 zinatosha barakoa moja. Leo migodi ya dhahabu, Geita ya Tanzania ikiwemo, hunasa dhahabu kwa kaboni, ambayo kwa kawaida hutokana na vifuu vya nazi kwa kuwa kaboni yake ni ngumu na haisagiki ovyo.

Kwetu, maganda mengi huishia kwenye matanuri ya kukaushia njugu hizohizo au kwenye majiko ya kupikia. Si dhambi, ni kuni nzuri. Lakini Meru ina chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, Embu ina chuo kikuu chake, na kipimo cha iodini, kinachoonyesha ubora wa vitundu vya kaboni, hakihitaji maabara ya kifahari. Magavana wakiketi tena kupigania bei ya kiini, waitishe kwanza matokeo ya kipimo hicho kuhusu kaboni ya maganda ya kaunti zao. Hapo ndipo watajua uuzaji wa njugu na maganda yake unatunyima kiasi gani.