Kutoka msalaba wa shaba hadi kununua ndani ya programu

Ndugu wasikilizaji wa Kolwezi, na ninyi jamaa mliohama makwenu na simu tu mkononi, swali hili linarudi kila mara: pesa iko katika M-Pesa, mbona programu ya masomo inakataa kulipwa? Jibu lake lina historia.

Katanga pesa imebadilika sura mara nyingi. Kabla ya wakoloni watu walilipana kwa misalaba ya shaba. Mingine imepatikana makaburini huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière, na baadaye wafanyakazi wakazoea mshahara na posho. Kisha Oktoba 1993 serikali ya Zaïre ikatoa pesa mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Kasai waliikataa, wakabaki na noti zao. Wakati ule familia nyingi za Wakasai zilikuwa zimefukuzwa Katanga. Mtu aliweza kushuka Mbuji-Mayi na noti halali kabisa, sokoni hakuna wa kuzipokea. Pesa ilikuwa ya kweli. Dukani ndipo haikutambuliwa.

Simu imeturudisha hapo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo 2012, nayo inafuata namba ya simu. Duka la programu la Apple lilifunguliwa 2008, na kununua ndani ya programu kukaanza 2009. Lenyewe linafuata nchi ya akaunti, na lilizoea kadi ya benki. Kongo iliingizwa katika duka hilo mwaka 2020 tu! Kabla ya hapo, mwenye iPhone hapa alilazimika kuandika Ufaransa au nchi nyingine. Akaunti za namna hiyo bado ziko hai, na kwa maoni yangu ndizo fundo la kwanza la kutazama.

Basi angalia nchi ya akaunti. Apple hairuhusu kuibadilisha kabla hujamaliza salio na kufuta malipo ya kila mwezi, na njia ya kulipa iwe ya nchi hiyo mpya. Google inaruhusu badiliko moja kwa mwaka, kwa hiyo aliyevuka mpaka asiharakishe. Halafu fungua orodha ya njia za kulipa: kama mfuko wako wa simu haumo, kuongeza falanga kwa wakala hakutasaidia kitu. Na anayeomba neno lako la siri ili "akufungulie", mkatalie. Kwa familia iliyohama, simu hiyo ndiyo benki na ndiyo anwani.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza programu, hitilafu iko upande wa pili wa kaunta. Bidhaa zisipoonekana kwa Apple, tazama kwanza kama mkataba wa programu za kulipia umekubaliwa, na habari za benki na kodi zimejazwa. Kwa Google, bidhaa iwe imewashwa, programu iwe imepakiwa walau kwenye majaribio, na akaunti ya mjaribu iwe kwenye orodha. Hakikisheni Kongo imo kati ya nchi za kuuzia. Kisha linganisheni kitambulisho cha bidhaa kilichoandikwa ndani ya programu na kile cha dukani, herufi kwa herufi. Nukta moja ikikosekana, bidhaa haitokei.