Mchanga ulikuwa maabara kabla ya CBC

Kila mzazi siku hizi analia na CBC: leo leta chupa, kesho leta boksi, keshokutwa leta mbegu. Watetezi wake nao wanatuambia ati ndiyo mara ya kwanza mtoto wa Kenya kusoma sayansi kwa mikono yake. Hapana jamani. Jambo hili lina zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1965 walimu na wanasayansi wa Afrika walikutana Kano, Nigeria, pamoja na wenzao kutoka ng'ambo. Hapo ndipo ulipoanza mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, na Kenya ilikuwa ndani. Vijitabu vyao vya walimu, mada zake utacheka: mchanga mkavu, mchanga uliorowa, mbu, nyota. Kimoja kilihusu kale kadudu kanakochimba shimo mchangani kunasa sisimizi, na jina lake lilimtaka mtoto akamuulize mdudu mwenyewe! Yaani mwalimu si wa kutoa jibu.

Baadaye Eleanor Duckworth aliupima mpango huo hapa Kenya. Hakugawa karatasi ya maswali. Aliwaweka watoto chumbani na vitu vya kawaida, akaangalia watafanya nini navyo. Waliopitia mpango walibuni mengi kuliko wenzao.

Sasa mbona ukafifia? Mimi nasema mtihani ndio ulioumeza. CPE ya wakati ule ilipenda kukariri. Katika miaka ya 1970 Anthony Somerset na wenzake walisukuma maswali yaguse anachokiona mtoto nyumbani, na kwa muda mambo yalibadilika. Mwaka 1985 ikaja KCPE, ikakaa hadi 2023, na sote tuliopita humo tunajua tulivyokariri.

Hasara yake naiona hapa Wiyoni. Mtoto wa mvuvi anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, lakini darasani mwezi ni mchoro wa kukariri. Ama maji tunayokunywa. Mvua huzama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, yale maji matamu yakakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Ukichota kupita kiasi, chumvi inapanda. Hili ni jambo la uhai kwa kisiwa kizima, na kulionyesha unahitaji glasi mbili, chumvi na yai bichi. Kwenye maji matamu yai linazama, kwenye maji yenye chumvi nyingi linaelea. (Najua, yai nalo si rahisi siku hizi.)

KPSEA ya kwanza ilifanywa 2022, na bado ni kuchagua A, B, C au D. Mwalimu mwenye darasa lililojaa na mtihani mbele yake, atawapeleka watoto Shela au atawapa maswali ya mwaka jana? Akichagua karatasi mimi simlaumu. Nawalaumu wanaoitunga. Waweke swali moja tu ambalo huwezi kulijibu bila kuwahi kulijaribu lile yai, uone kama mayai hayataisha madukani Wiyoni.